Kikombe cha Bati na Mkono wa Bingwa

Cleophus Yancey alikuwa na kidevu kibovu kuliko vyote vilivyowahi kupanda ngazi za ukumbi wa ngumi wa Pruitt, na mwenyewe hakulificha jambo hilo. Ujanani alipigana mapambano kumi na manne, akalala saba. Katika hayo saba, matatu hakumbuki hata rangi ya kaptura ya aliyemlaza.

"Mimi ngumi haikuwa lazima inifikie," alikuwa akisema. "Upepo wake tu, naona usingizi."

Wazee wa benchi walicheka mpaka wakakohoa. Benchi lenyewe lilikuwa chini ya dirisha, karibu na mabomba ya joto, na waliokaa hapo walikuwa mabondia wa zamani, pua zimelala, masikio yamejikunja. Kazi yao ilikuwa moja: kutazama vijana ulingoni na kuhukumu videvu, yaani nani akipigwa anabaki wima. Huyu anacho. Yule hana. Huyu anacho lakini akiingia raundi ya sita kinamtoka.

Labda ndiyo maana Cleo akawa mtu wa kuulizwa. Asiye na meno ndiye anayejua mfupa ni mgumu kiasi gani. Katika Filadelfia ya kaskazini miaka ile ya sabini, mtu akitaka kujua kama bondia fulani anahimili konde, hakumuuliza kocha wake, maana kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Alipanda ngazi akamtafuta yule mtu mwembamba mwenye ndoo na taulo begani.

Asubuhi Cleo alipiga pasi mashati kwa dobi. Mchana alikuja ukumbini kushika ndoo. Mikono yake ilikuwa imezoea moto na barafu kwa siku moja, na haikutetemeka.

"Usimtazame mtu usoni," alikuwa akiwaambia waliomuuliza. "Uso mwongo. Tazama miguu. Mwenye kidevu akipigwa, miguu haina habari. Asiye nacho, mguu mmoja unatangulia nyumbani kabla mwenyewe hajaaga."

Pale kwa Pruitt kulikuwa na desturi waliyoiita kuonjwa. Kijana wa uzito wa juu hakupewa sanduku la nguo zake mpaka kwanza aonjwe: raundi tatu na mtu mzima mwenye ngumi, bila kurudi nyuma, huku benchi zima likitazama. Na hata baada ya kukubaliwa, kila Alhamisi walionjana wao kwa wao kwa nguvu zote. Kumbi nyingine walipigana mazoezini kama watu wanaofuta vumbi. Hapa walisema, mkate usioingia tanurini ni unga tu.

Roscoe Tolliver aliletwa akiwa na miaka kumi na tisa, kuli wa bandarini, mabega kama mlango wa ghala. Alivikwa glovu za kuazima, akawekwa mbele ya jitu moja la kutoka Camden lililokuwa na mkono wa kushoto wa kuua ng'ombe. Raundi ya pili mkono ule ukampata sawasawa pembeni mwa taya. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye karakana ya matairi iliyokuwa chini. Roscoe akafuta pua kwa glovu, akauliza kwa adabu kabisa:

"Ndiyo hiyo, au bado inakuja?"

Benchi likavunjika kwa kicheko. Cleo hakucheka. Alikuwa akitazama miguu. Haikuwa imesogea hata unene wa ukucha. Akaweka barafu chini, akamwambia Alvin Pruitt, mwenye ukumbi: "Huyu kidevu chake hakina chini."

Maneno hayo yakaenda mbali kuliko aliyeyasema. Roscoe alipoanza kushinda, magazeti yaliyachapisha. Alipotwaa mkanda wa dunia wa uzito wa juu, mke wa Pruitt aliyadarizi mgongoni mwa joho lake kwa uzi wa manjano, na ukutani juu ya ulingo mtu akayaandika kwa rangi, herufi ndefu kama mkono: KIDEVU KISICHO NA CHINI. Cleo alipopita chini yake na ndoo, wazee walimpigia saluti. Mtu aliyelala mara saba ndiye aliyeona.

Sasa, kulikuwa na jambo la kikombe. Kila baada ya mazoezi, Roscoe alivuliwa glovu, akakaa kwenye kigoda cha kona ya ulingo, akafumba macho na kuegemeza kichwa kwenye nguzo. Kisha bila kutazama alinyoosha mkono wa kushoto, na Cleo alikuwa pale na kikombe cha bati, usawa wa bega, shubiri moja kutoka kwenye nguzo. Siku ya kwanza ilitokea tu. Ya pili ikawa mzaha. Baada ya miaka kumi na mmoja ilikuwa kama sehemu ya ibada. Vijana walisema, "Bingwa hatazami maji. Maji ndiyo yanamtazama bingwa."

Mwezi wa pili wa mwaka ule wa kumi na mmoja, dada yake Cleo alifariki huko kusini, Carolina. Akaenda kuzika, akakaa siku tisa. Aliporudi na mfuko wa karanga za kwao, ukumbi ulikuwa umechangamka. Bingwa alikuwa na pambano baada ya wiki tano, dhidi ya Buck Hardaway, kijana wa Detroit ambaye wapinzani wake kumi na wanane kati ya ishirini walikuwa wametolewa ulingoni wamebebwa.

"Ulitukosesha raha, Anko Cleo," akasema Stubbs, mkia wa kundi la mabondia, aliyeshika ndoo kwa siku zile. "Bingwa alinimwagia maji. Mara tatu! Nimeshika kikombe palepale pako, yeye anakwenda kukamata hewa. Nikamwambia, bingwa, kama hunitaki sema, usinioshe."

Watu wakacheka. Roscoe naye akacheka, akisema Stubbs ananuka kitunguu, ndiyo maana mkono ulikataa. Cleo akatoa karanga, wakala, mambo yakaisha. Siku ile jioni Cleo alishika kikombe kama kawaida, mkono ukaja ukakishika kama kawaida.

Jumapili, baada ya kanisa, Cleo alikuwa kwake akisubiri chakula. Aliishi na binti yake Verlene na mjukuu wake Marcellus, mtoto wa miezi tisa mwenye mashavu ya kufinywa. Verlene alikuwa amempakata mtoto, anamfundisha kunywa kikombe. Kikombe kilikuwa cha plastiki, na maziwa kidogo chini. Mtoto alikuwa amekikazia macho kama mtu anayetaka kurukia basi, kisha akarusha mkono. Mkono ulikwenda pembeni kabisa, huko kwenye kifungo cha gauni la mama. Lakini ulifunga juu ya kikombe. Verlene hakuacha kuzungumza. Alikuwa akimweleza baba yake habari za shemasi na kofia ya mkewe, na mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kukutana na vidole vile vidogo. Mtoto akanywa, akameremeta. Aliona ameweza.

"Rudia," akasema Cleo.

"Nirudie nini, Baba? Habari ya kofia?"

"Kikombe."

Verlene akamtazama. Akarudia. Mtoto akarusha mkono, ukaenda huko, kikombe kikaenda huko.

"Unajua kwamba unakisogeza?"

"Nasogeza?" Verlene akatazama mkono wake kama si wake. Akacheka. "Ee, kweli. Wala sikujua. Si ni mtoto, Baba, lazima umsaidie."

Mboga za haradali zikaletwa, mkate wa mahindi ukaletwa, Cleo akala kidogo. Verlene akamuuliza kama bado anamlilia shangazi. Akasema ndiyo, maana ilikuwa kweli vilevile.

Alhamisi iliyofuata, siku ya kuonjana, Roscoe alipigana raundi sita na vijana watatu kwa zamu. Alipigwa makonde mengi. Alipigwa kama alivyopigwa siku zote, akicheka ndani ya kinga ya meno, akiwaambia, "Mama yako anapiga zaidi ya hapo, leta nyingine." Miguu ilisimama. Benchi likatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akakaa, akafumba macho, akanyoosha mkono.

Cleo alikuwa amefunga kiwiko chake kwenye kamba ya ulingo kwa ncha ya taulo, ili kisitoroke. Akakaza kikombe mahali pake, usawa wa bega, shubiri moja kutoka kwenye nguzo. Mkono wa bingwa ukaja, ukapita vidole vinne kushoto, ukafunga. Haukushika kitu. Ukafunguka, ukafunga tena.

Kwa haraka Cleo akakitia kikombe mle. Hakuna aliyeona. Lakini aliyetakiwa kuona alikuwa ameona, na jioni hiyo alipokamua taulo alikuwa akihesabu nyuma. Hakujua ni tangu lini. Tangu kiangazi? Tangu mwaka juzi? Mkono wa bingwa ulikuwa ukipotea njia kidogo kidogo, na mkono wake yeye ulikuwa ukiufuata kidogo kidogo, mpaka wote wawili wakaona bado wako palepale. Yeye, mtazama miguu, jaji wa videvu vya Filadelfia nzima, alikuwa amemficha mtu mbele ya macho yake mwenyewe. Alifanya hivyo kwa upendo, kama Verlene. Ila yule wa Verlene alikuwa akijifunza kushika. Huyu alikuwa akisahau.

Akaenda kwa Pruitt ofisini. Pruitt alikuwa na miaka thelathini katika ukumbi ule, na Roscoe alikuwa bingwa wake wa kwanza na, kwa umri wake, wa mwisho.

"Al, msimamishe Roscoe. Kidevu kimekwisha."

Pruitt akacheka. Kisha akaona mwenzake hacheki. "Umeona nini?"

Cleo akamweleza.

"Kikombe," akasema Pruitt. "Umeniletea kikombe. Tiketi zimekwisha mpaka za viti vya juu kabisa, watu wa televisheni wamefunga nyaya zao, na wewe unaniletea kikombe cha bati. Ameanguka lini? Nitajie siku. Miaka kumi na mmoja, Cleo, goti lake limegusa turubai la ulingo lini?"

"Hilo ndilo tatizo. Mimi nilianguka mara saba. Kila nilipoanguka walinihesabia kumi, nikaenda nyumbani kulala. Yeye haanguki, kwa hiyo wanamwongeza. Na hapa kwetu tunamwongeza kila Alhamisi."

Pruitt akatazama nje ya kioo cha ofisi, kule ukutani kulikoandikwa yale maneno.

"Wewe ndiye uliyesema hakina chini," akasema.

"Nilisema."

"Basi usinisumbue. Baada ya hili pambano, atapumzika. Nakuapia. Hili moja tu."

Cleo akajaribu mlango wa pili. Jumamosi mchana alimkuta Roscoe kwenye duka la samaki wa kukaanga, kwenye meza yake ya pembeni, mbele ya mikate miwili iliyojazwa samaki na pilipili ya maji. Watoto wa mtaani walikuwa wamebandika pua zao kwenye kioo. Roscoe akamvutia kiti kwa mguu.

"Kaa, Anko. Kula. Umekonda mpaka taulo linaonekana lina nyama. Nimekwambia ile ya baba mkwe na bata mzinga?"

Akamweleza. Baba mkwe alinunua bata mzinga akiwa hai, akashindwa kumchinja, sasa wanaishi naye sebuleni. Cleo akacheka, kilikuwa kisa kizuri. Wakala. Roscoe akafuta vidole, akaegemea, akatabasamu.

"Nimekwambia ile ya baba mkwe na bata mzinga?"

Cleo akaweka mkate chini. "Umeshaniambia, mwanangu. Sasa hivi."

Tabasamu likabaki usoni kwa Roscoe, lakini kama taa iliyosahauliwa. "Najua. Nakutania."

"Roscoe. Mkono wako haupati kikombe. Mimi ndiye ninayekuletea. Sikujua, lakini ni mimi. Hardaway asikupige. Mtu yeyote asikupige tena."

Roscoe akatafuna polepole hadi akameza.

"Ajabu hii," akasema. "Mtu aliyelala mara saba ananifundisha kusimama."

"Sawa. Nitukane."

"Kidevu cha yai."

"Ndiyo."

"Si wewe uliyesema changu hakina chini? Nimeenda nacho mpaka London. Kimeandikwa mgongoni mwangu."

"Nilikosea. Kila kitu kina chini. Ni vile tu nilichungulia sikukiona."

"Sasa unataka nifanye nini? Nije nipige pasi mashati na wewe?"

"Pasi haijamsahaulisha mtu jina la mwanawe."

Roscoe akasimama. Hakupiga kelele, maana watoto walikuwa kwenye kioo. Akainama, akasema karibu na sikio la Cleo: "Wewe ni mtu wa ndoo, Anko. Shika ndoo."

Wiki moja kabla ya pambano, desturi ilikuwa bingwa afanye raundi nne mbele ya watu. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Waandishi walikaa mbele na kofia zao magotini. Kwenye kiti cha mbao karibu na kona alikaa Daktari Lowry, aliyetumwa na wasimamizi wa ngumi wa jimbo, mzee mtaratibu mwenye mkoba wa ngozi na gazeti. Alikuwa ameshasikiliza moyo, ameshamulika macho. Kilichobaki ni sahihi yake ya kuruhusu pambano.

Roscoe alipigana vizuri. Aliyekuwa na macho ya kawaida aliona simba. Raundi ya nne Stubbs alimpata na mkono wa kulia, kishindo cha mlango kubamizwa, na Roscoe akageukia waandishi akawakonyeza. Watu wakapiga miguu sakafuni, vumbi likaanguka kwenye matairi ya watu huko chini.

Glovu zikavuliwa. Bingwa akakaa. Waandishi wakasogea, maana habari za kikombe walikuwa wanazijua na walipenda kuziandika.

Pruitt, aliyekuwa ameshika kamba, akasema bila kusogeza midomo: "Cleo. Kikombe kiende mkononi."

Cleo akachota maji. Ndoo ilikuwa na barafu na sauti yake ilisikika. Alijua kwamba kwa kidole kimoja tu cha kusogea, watu wote hawa watarudi makwao wamefurahi, na yeye pia atarudi kwake, na maneno ya ukutani yatabaki kuwa kweli kwa siku saba nyingine. Akainua kikombe usawa wa bega, shubiri moja kutoka kwenye nguzo.

Mkono ukaja. Ukapita. Ukafunga hewa.

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, akidhani ni mzaha mpya.

Roscoe akafumbua macho. Akakitazama kikombe. Kilikuwa mbele yake, chenye mbonyeo uleule pembeni, kikitoa jasho la baridi. Akanyoosha mkono tena, sasa akitazama, taratibu, kama mtu anayetia uzi sindanoni. Vifundo vya vidole vikagonga ukingo. Maji yakaruka, yakamwagikia mkono wa Cleo mpaka kiwikoni.

Sasa hakucheka mtu.

"Sogeza, Anko," akasema Roscoe. Alisema chini sana, na Cleo hakuwa amewahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti ile.

Mkono wa Cleo ulikuwa umeshaanza kwenda. Miaka kumi na mmoja ulikuwa unajua njia. Akaushika kwa mkono wa pili, akaubana kwenye kifundo, akaurudisha.

"Hapana, mwanangu," akasema.

Roscoe alikishika mara ya tatu. Alikishika kwa mikono miwili, kutoka chini, akanywa yaliyobaki, na kila mtu katika ukumbi ule alimtazama mpaka akamaliza. Daktari Lowry akakunja gazeti. Akauliza kwa upole kama bingwa angependa kutembea juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino mbele ya kidole, hatua kumi tu. Alitembea sita.

Hospitalini walimfunga nyaya kichwani kwa siku mbili. Sahihi haikutolewa. Hardaway alipigana na mtu mwingine kwa ajili ya mkanda uliobaki bila mwenyewe, na huyo naye akatolewa amebebwa.

Jumatatu Cleo alipopanda ngazi aliikuta ndoo yake nje ya mlango, imefunikwa kifudifudi, taulo juu yake limekunjwa vizuri. Pale kwa Pruitt mtu hakuambiwa usirudi. Ndoo ilimwambia. Akaichukua, akashuka. Karakanani fundi wa matairi, ambaye kwa miaka yote hiyo walikuwa wakisalimiana tu, akamtemea mate karibu na kiatu. Mtaani walimwita msaliti, na waliokuwa na ucheshi walimwita Jaji Yai. Kwa dobi, wateja wawili waliomba mashati yao yapigwe pasi na mtu mwingine.

Ila Alhamisi zile za kuonjana kwa nguvu zote, Verlene alisikia sokoni kwamba zilipungua, kisha zikasimama. Pruitt hakueleza sababu na hakuna aliyemuuliza. Maneno ya ukutani yalikaa mpaka yakabambuka yenyewe.

Mara moja kijana fulani alimfuata Cleo hadi kwa dobi, akamuuliza kama bondia mpya wa Trenton ana kidevu.

"Sihukumu tena," akasema Cleo, akinyunyiza maji kwenye kola. "Niliacha nilipogundua sina macho."

Miaka miwili na miezi ikapita. Marcellus akatembea, akasema, akavunja taa moja. Jumapili moja adhuhuri gari likasimama mbele ya nyumba, na mke wa Roscoe akashuka upande wa dereva, akazunguka kumfungulia mumewe. Verlene aliwaona kutoka dirishani, akaita, "Baba."

Roscoe alikuwa amenenepa kidogo. Suti yake ilikuwa nzuri. Alipanda vidaraja vinne vya mbele mkono wake mmoja ukiwa begani mwa mkewe, akasimama mlangoni akajaza mlango wote.

"Anko," akasema.

"Ingia, bingwa. Chakula kinapoa."

Walikaa mezani. Hakuna aliyetaja ukumbi. Walizungumza habari za mvua, na kwamba Marcellus ana kichwa kama cha babu yake, maskini. Mtoto alikuwa kwenye kiti kirefu, anakunywa maji yake mwenyewe kwenye kikombe chake, bila kumwaga, na Roscoe akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko watu wanavyowatazama watoto.

Verlene akamimina chai ya baridi yenye ndimu, akataka kuiweka mbele ya mgeni. Cleo akaichukua ile bilauri mkononi mwake. Akaishika hewani juu ya meza. Roscoe akanyoosha mkono wa kushoto. Ulikwenda pembeni, mbali sasa, mbali kuliko siku ile, karibu na bakuli la viazi vitamu. Na bilauri ikaenda huko, bila haraka, ikakutana nao.

Roscoe akanywa. Akaweka chini kwa mikono miwili.

"Umesogeza," akasema.

"Hapa hakuna daktari."

Roscoe akaguna, na guno lile likageuka kuwa kicheko kidogo. Mkewe akageuza uso akatafuta kitambaa kwenye mkoba. Verlene akaanza kugawa mboga. Roscoe akaegemea kiti, akatabasamu lile tabasamu lake la zamani.

"Anko, nimekwambia ile ya baba mkwe na bata mzinga?"

Cleo akavuta kiti chake karibu.

"Bado," akasema. "Ehe, ilikuwaje?"